Mnara Unaonwa na Nani?

Nilimkuta Malindi, Unguja, kivulini mwa jahazi lililopandishwa mchangani kupigwa kalafati. Vijana walikuwa wakishindilia pamba iliyochovywa mafuta kwenye nyufa za mbao, na kila walipokwama walimgeukia yeye. Walimwita nahodha, ingawa hakuwa ameshika usukani tangu macho yake yaanze kuingia ukungu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.”

Nilikuja na daftari, darubini na swali moja. Nilitaka kujua taa ya mnara wa Chumbe inaonekana kutoka umbali gani.

“Inaonwa na nani?” akaniuliza.

Nikadhani hakunisikia sawasawa, nikarudia.

“Nimekusikia. Nakuuliza, inaonwa na nani? Na mtu wa ngalawa au na mtu wa meli?”

Tangu siku hiyo nimesoma vitabu kadhaa vya ubaharia, na sijakutana na sentensi iliyolifungua jambo hili vizuri kuliko swali lile. Tumezoea kuuliza mnara unaonekana umbali gani kana kwamba umbali huo ni mali ya mnara, kama kilivyo kimo chake au rangi ya chokaa yake. Kumbe kuonana baharini ni shirika la watu wawili. Anayeonwa analeta fungu lake, anayeona analeta lake, na umbali ni jumla ya mafungu hayo.

Mnara wa Chumbe umesimama tangu 1904 juu ya kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mwa Mji Mkongwe, ukiwaongoza wanaoingia bandarini kutokea upande huo. Kabla yake mji ulikuwa na mnara wa taa mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, ukaangushwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Waliojenga minara hii walijua kwamba kila mita waliyoipandisha taa walikuwa wakinunua maji zaidi ya kuonwa, na kwamba bei ya maji hayo ilizidi kupanda kadiri walivyokwenda juu. Sababu ya bei hiyo imo katika umbo la dunia.

Chukua mtungi mkubwa wa maji. Mweke sisimizi mmoja tumboni mwa mtungi, na mwingine mkabala naye, upande wa pili wa mbinuko. Hawaonani, kwa kuwa tumbo la mtungi limewaingilia kati. Sasa mpandishe mmoja juu ya kijiti cha kiberiti. Macho yake yanapita juu ya mbinuko na kufika mbali zaidi, mpaka mahali ambapo mstari wa macho unagusa mtungi na kuteleza hewani. Mahali hapo ndipo upeo wake. Mpandishe na mwenzake kwenye kijiti, naye atapata upeo wake. Ikiwa pande hizo mbili za upeo zinagusana, sisimizi wanaonana, ncha kwa ncha, kila mmoja akimwona mwenzake kana kwamba anachungulia nyuma ya ukuta.

Dunia ni mtungi wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Simamisha mlingoti juu yake, kisha kutoka kileleni vuta mstari ulionyooka mpaka uguse uso wa bahari bila kuukata. Pale unapogusa, mstari huo hufanya pembe mraba na nusu kipenyo kinachotoka kitovuni mwa dunia. Mwanafunzi yeyote wa sekondari akiona pembe mraba anamkumbuka Pythagoras: upande mrefu, ukizidishwa kwa wenyewe, ni sawa na jumla ya pande mbili nyingine zikifanyiwa vivyo hivyo. Fanya hesabu, tupa kile kijisehemu ambacho ni kidogo mno kuleta tofauti, na unabaki na kanuni inayoweza kuandikwa kwenye kiganja: umbali wa upeo, kwa kilomita, ni 3.57 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita.

Ila nuru haisafiri kwa mstari ulionyooka kabisa. Hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, na nuru inayopita kwenye tabaka hizo hupinda kidogo kuelekea ardhini, ikifuata mbinuko wa dunia bila kuufikia. Kwa hiyo macho hufika mbali kuliko jiometri tupu inavyoruhusu, kwa takriban asilimia 8 katika hali ya kawaida ya hewa. Namba 3.57 inakuwa 3.86. Anayehesabu kwa maili za bahari atumie 2.08, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye majedwali ya mabaharia.

Asilimia 8 inaweza kuonekana kitu kidogo, kwa hiyo nitatoa mfano mmoja wa mbali ambao unanifurahisha kila ninapoupigia hesabu. Katika mji wa Marseille, kusini mwa Ufaransa, kuna kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima cha kama mita 160. Februari 1808 mnajimu Franz Xaver von Zach alisimama pale jua likichwa, akauona mlima Canigou ukijichora mweusi ndani ya duara la jua. Canigou una mita 2,785 na uko ng’ambo ya ghuba, kilomita 250 na ushei. Kipeuo cha pili cha 2,785 ni 52.8, na cha 160 ni 12.6. Jumlisha, upate 65.4. Zidisha kwa 3.57: kilomita 233, yaani mlima hauonekani. Zidisha kwa 3.86: kilomita 252, na mlima unatoa kichwa. Alichokiona von Zach kilikuwa mlima ulioinuliwa na hewa. Mpaka leo wakazi wa Marseille huusubiri kwa siku chache za mwaka ambazo jua hutua nyuma yake.

Sasa turudi kwenye maji yetu. Boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja huwa imebeba mamia ya watu wanaolitazama jambo hili bila kulihesabu. Tuseme umesimama kwenye sitaha ya juu na macho yako yako mita 9 kutoka majini. Kipeuo cha 9 ni 3, kwa hiyo upeo wako uko kilomita 11.6 mbele yako. Hilo ni fungu lako. Nyuma yako, katikati ya Dar es Salaam, kuna maghorofa yenye zaidi ya mita 150. Chukua lenye mita 153: kipeuo chake ni kama 12.4, na fungu lake ni karibu kilomita 48. Jumla ni kilomita 59. Kutoka Dar mpaka Mji Mkongwe ni kilomita 73 hivi. Maana yake, hata hewa iwe safi kama kioo, maghorofa hayo yatakuwa yamezama yote kabla hujafika. Aliyesimama ufukweni Forodhani, Mji Mkongwe, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, hawezi kuyaona hata siku moja. Anachokiona usiku upande wa kusini ni mng’ao wa mji juu ya mawingu, na mng’ao hauna upeo uleule.

Kinachonivutia zaidi ni namna ghorofa linavyozama. Watu hudhani linazama polepole kwa kipimo kimoja, kama ndoo inayojaa kwenye bomba. Hesabu inasema vingine. Ili kujua kiasi gani kimefichwa, ondoa upeo wako kwenye umbali, gawa kinachobaki kwa 3.86, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Boti ikiwa kilomita 20 kutoka Dar, zimefichwa mita 5 tu, yaani mlango wa kuingilia. Kilomita 30, zimefichwa mita 23. Kilomita 40, mita 54. Kilomita 50, mita 99, na ghorofa limebaki theluthi. Kilomita 9 zaidi na mita 54 zilizobaki zinamezwa karibu zote. Kwa nusu ya kwanza ya safari unaweza kuapa kwamba dunia ni bapa. Kisha mji unakwenda chini kwa haraka kama mtu anayeshuka ngazi.

Vivyo hivyo kwa kilicho mbele. Sehemu ya juu kabisa ya Unguja ni kilima cha Masingini, chenye kama mita 120. Fungu lake ni kilomita 42, ongeza 11.6 zako, unapata 54. Kwa hiyo ipo sehemu ya mkondo ambapo abiria wa sitaha ya juu anaweza, siku ya hewa safi, kugeuza shingo na kuona bara na kisiwa vyote viwili. Mvuvi wa ngalawa aliye mahali hapohapo, macho yake mita 1 juu ya maji, fungu lake ni kilomita 3.9 tu. Kwake vyote viwili vimezama zaidi kuliko vilivyo kwa abiria, ingawa wako kwenye maji yaleyale.

Pwani yetu ina tabia yake. Visiwa vingi ni tambarare, miamba ya matumbawe iliyojiinua kidogo juu ya bahari. Mnazi wenye mita 20 uliosimama karibu na maji una fungu la kilomita 17. Nahodha aliyesimama kwenye tezi, macho yake mita 4 juu, ana kilomita 7.7. Wanaonana kwa kilomita 25. Lakini katika dakika hizo za kwanza hakuna mchanga wala kijiji. Kuna makuti peke yake, yakielea, minazi iliyoota majini. Baadaye vinafuata vigogo, mwisho kabisa ndipo nchi. Ndiyo maana manahodha wa zamani hawakutegemea macho pekee. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliyeandika kuhusu njia za bahari hii mpaka Sofala, alihesabu miongoni mwa dalili za nchi milima, ndege, rangi ya maji, hata nyoka wa baharini wanaotangulia kuonekana kabla ya pwani ya Hindi.

Pale ambapo milima ipo, hesabu inakuwa na ukarimu. Kutoka magharibi mwa Pemba, asubuhi za hewa safi, hasa baada ya mvua, watu huiona milima ya Usambara upande wa pili wa mkondo. Kilele cha kama mita 1,500 kilichoko kilomita 105 mbali, kikitazamwa na mtu aliyesimama ufukweni, kimezamisha mita 660 za chini na kuacha zaidi ya 800 juu ya maji. Mpemba hauoni mlima mzima. Anaona nusu yake ya juu, na bahari imekaa mahali pa mashamba na barabara.

Je, na Kilimanjaro? Swali hili huulizwa kila ninapozungumza jambo hili. Kilele cha mita 5,895 kina fungu la kilomita 296, na kutoka Mombasa ni karibu kilomita 280. Kwa namba hizo mtu wa Mombasa angekiona. Lakini kanuni yetu inataka bahari katikati, na kati ya Mombasa na Kilimanjaro kuna nchi kavu inayopanda, na vilima vya Taita viko karibu kabisa kwenye mstari uleule. Ongeza vumbi na unyevu wa kilomita 280 za hewa. Tusimdai mlima deni lisilo lake.

Tazama tena kile kipeuo cha pili, maana ndicho bei niliyoitaja mwanzoni. Kutoka mita 2 kwenda mita 8 ni kimo mara nne, lakini upeo unaongezeka mara mbili tu, kutoka kilomita 5.5 hadi 10.9. Mita sita za kupanda mlingoti zinamnunulia kijana kilomita 5 za bahari, na biashara hiyo ni nzuri. Ndiyo maana katika kila bahari alitumwa mwepesi juu kutafuta nchi. Lakini mjenzi mwenye mnara wa mita 40 akitaka kuongeza upeo wake mara mbili, lazima ajenge mita 160. Hakuna hazina inayokubali hilo kwa furaha. Wajenzi wenye busara walitafuta rasi yenye mwamba mrefu, wakaweka mnara mfupi juu yake, wakamwachia Mungu sehemu kubwa ya kazi.

Kanuni hiyohiyo ni hakimu mzuri wa ushahidi wa kale. Mnara wa Iskandaria, uliohesabiwa katika maajabu saba, unakadiriwa kuwa ulipita mita 100. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba moto wake ulionekana stadia 300 baharini, takriban kilomita 55. Mnara wa mita 100 una fungu la kilomita 38.6. Baharia wa merikebu ya wakati ule, macho yake mita 4 juu, anaongeza 7.7. Jumla 46. Kwa moto wenyewe kuonekana kilomita 55 na baharia huyo, ungehitaji kuwa mita 150 juu ya maji. Simwiti Josephus mwongo. Huenda alihadithiwa na mtu aliyeona mng’ao wa moto juu ya moshi, kama vile sisi tunavyoona mng’ao wa Dar.

Kuna mtu mmoja aliyeipindua kanuni hii, na kwangu hakuna ukurasa mzuri kuliko huo katika historia ya vipimo. Al-Biruni, mzaliwa wa Khwarizm mwaka 973, alijikuta katika ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, ambako mlima unasimama ghafla juu ya nchi tambarare. Alipima kwanza kimo cha mlima. Kisha akapanda, akatazama upeo, akapima kiasi gani mstari wa macho umeinama chini ya mlalo. Akapata kama dakika 34 za pembe, zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Sisi tunaijua dunia na kutafuta upeo. Yeye alikuwa na upeo, akaitafuta dunia. Kutokana na mlima mmoja na pembe moja alipata nusu kipenyo cha dunia.

Pembe hiyo ya kuinama ipo kwa kila aliyeinuka juu ya maji, na mabaharia wana matumizi yake ya usiku ambayo ningetamani kila anayependa bahari ayajaribu. Ramani ya bahari inakuambia taa iko mita ngapi juu ya maji, tuseme 36. Unaikaribia gizani. Kwanza unaona mng’ao unaopita na kupotea. Kisha nukta yenyewe inatoka juu ya upeo. Papo hapo ofisa wa zamu anachutama. Nukta ikizima anapochutama na kuwaka anaposimama, taa iko kwenye ukingo kamili wa macho yake. Kipeuo cha 36 ni 6, macho yake mita 9 juu yanatoa 3, jumla 9, mara 2.08: maili 18.7. Bila rada na bila setilaiti, amejua yuko umbali gani kutoka mnarani. Hali ya hewa inaweza kumdanganya. Maji baridi chini ya hewa ya moto huzua mazigazi, vitu huinuka kuliko haki yao, na taa huwahi kutoka. Kwa hiyo mwenye busara husema “kama maili 19” na kuendelea kutazama.

Nilimweleza mzee wa Malindi habari ya kuchutama, nikidhani ninamletea kitu kipya. Hakujibu. Aliwauliza vijana kama kuna chombo nje. Wakamwambia lipo jahazi linatoka, tanga juu.

“Nenda pale maji yanapoishia,” akaniambia. “Chukua hiyo darubini yako. Unaona nini?”

“Naona tanga. Na mstari mweusi chini yake.”

“Ubavu huo. Haya, kaa.”

Nikakaa mchangani, wimbi likinilowesha miguu. Tanga lilikuwepo. Mstari mweusi haukuwepo.

“Mstari umepotea, mzee.”

“Simama.”

Nikasimama. Ukarudi, mwembamba kama uzi.

“Huyo maili tano,” akasema, naye haoni hata kisiwa cha Changuu.

Nilifungua daftari. Macho yangu nikiwa nimekaa, sentimita 80. Nikisimama, mita 1.6, ubavu wa jahazi, tuseme mita moja na nusu. Nikajumlisha vipeuo. Jahazi lilipaswa kuwa kati ya kilomita 8.2 na 9.6. Maili tano za bahari ni kilomita 9.3.

Nilitaka kumsomea, lakini alikuwa ameshaweka mkono kwenye ubavu wa jahazi tulilolikalia kivuli, akigongagonga mbao.

“Panda humu sitahani,” akasema, “uniambie kama unaona maji nyuma yake.”

Vijana walinishikia ngazi. Nikapanda, nikasimama kwenye tezi, nikainua darubini. Mstari mweusi ulikuwa umenenepa, na nyuma yake, kati ya jahazi na upeo, palikuwa na utepe mwembamba wa bahari.